Kabla hujashangilia mkondo, osha elektrodi

Mdogo wangu unayeanza maabara, nadharia utapewa darasani. Mimi nakupa hasara yangu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa Mwanza nilikuwa na kompleksi ya kobalti (kobalti iliyoshikwa na molekuli zinazoitwa ligandi) niliyoitengeneza mwenyewe, nikitaka kuona kama inachochea utoaji wa haidrojeni kwenye maji yenye asidi. Nikazamisha elektrodi tatu, vijiti vinavyounganisha umeme na maji, nikashusha volteji taratibu, mkondo wa umeme ukashuka ghafla kwenye skrini (kwenda chini ndiyo dalili ya haidrojeni) kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Usiku uleule nikaanza kuandika ripoti.

Asubuhi fundi wa maabara, mzee asiye na maneno mengi, akaniuliza: "Umeisuuza elektrodi ukaijaribu kwenye asidi tupu?" Nikabaki namtazama. Akaitoa ile ya kaboni, akaisuuza kwa maji yaliyokenekwa bila kuisugua, akaitumbukiza kwenye asidi mpya isiyo na kompleksi hata chembe. Mkondo ukaja vilevile.

"Sufuria ya dagaa ukichemshia maji yakanuka dagaa," akasema, "harufu imetoka wapi?"

Kompleksi yangu ilikuwa imevunjika, kobalti ikagandia kaboni, na utando huo ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ligandi niliyoihangaikia miezi mizima haikuhusika.

Na mkondo usipokuja baada ya kusuuza pia usijipigie makofi: utando mwembamba wa kobalti huweza kuyeyuka kwenye asidi mara volteji inapoondoka. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya jaribio (na utakatika), mimi naanza upya.

Elektrodi ya tatu, ile inayofunga mzunguko wa umeme, isiwe ya platinamu. Huyeyuka kidogo kidogo, ikahamia kwenye ile ya kaboni, nayo ni hodari wa haidrojeni kuliko kompleksi yako. Tumia grafiti. Maji ya bomba yanayotoka ziwani waachie wanaoosha vyombo. Pitisha nitrojeni dakika 15 au 20 kabla ya kupima. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kidogo, lakini oksijeni iliyomo majini bado inatosha kukudanganya.

Kusugua kabla ya jaribio jipya: unga wa alumina, maji kidogo, mkono ukichora namba nane. Kisha jaribu kwa potasiamu ferisianidi, chumvi ya kupimia usafi wa elektrodi. Kinadharia vilele viwili vya mkondo, kimoja volteji ikishuka na kingine ikipanda, huachana milivolti 59 kwenye nyuzi 25. Nikipata 75 naendelea. Nikipata 150 narudi kusugua, hata kama daladala ya mwisho inaondoka.