Petroli Imeshuka Houston, Mjomba, na Ovataimu Imeshuka Nayo

Mjomba, shikamoo. Sauti uliyotuma Jumapili kwenye grupu la familia nimeisikiliza mara mbili. Umeuliza: redio imesema petroli Marekani imeshuka bei na kampuni za mafuta zinavuna mabilioni, sasa pesa ya bati la nyumba ya bibi imekwama wapi? Nakujibu mbele ya wote, maana najua hujiulizi peke yako.

Ni kweli imeshuka. Juzi nimejaza gari kwa dola 2.60 galoni, na galoni ya huku ni lita 3.8 hivi. Huku hakuna mamlaka ya nishati kama EWURA ya huko Tanzania ya kututangazia bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kila kituo kinaweka bei yake kwenye bango, na vituo viwili vinavyotazamana vinaweza kupishana senti 10. Mwaka juzi nilikuwa nalipa 3.10. Tangi langu linachukua galoni 15, nalijaza mara nne kwa mwezi, kwa sababu kazi yangu ni kuzunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee, na Houston bila gari hufiki popote. Hapo nimeokoa dola 30 kwa mwezi. Weka na gari la mkweo, yaani mume wangu, inakuwa 60.

Sasa sikia upande wa pili. Mkweo ni fundi wa kuchomelea, na kampuni yao inatengeneza vifaa vya visima vya mafuta. Analipwa dola 28 kwa saa. Akipita saa 40 kwa wiki, kila saa ya ziada analipwa 42. Tulishazoea saa 15 za ovataimu kila wiki, yaani dola 630 kabla ya kodi, na bati la bibi lilikuwa humo ndani. Tangu Mei ovataimu hakuna. Mafuta ghafi yakishuka bei, kampuni kubwa huanza kwa kupunguza visima vipya, na kisima kisipochimbwa hakuna anayeagiza vifaa. Kwa hiyo bei hiyohiyo inayonipa nafuu kituoni ndiyo inayomrudisha mkweo nyumbani saa tisa alasiri.

Faida uliyoisikia nayo ipo. Mwaka 2024 ExxonMobil ilipata dola bilioni 33.7, Chevron bilioni 17.7. Lakini Chevron hiyohiyo, Februari 2025, ilitangaza kwamba itapunguza hadi asilimia 20 ya wafanyakazi wake kufikia mwisho wa 2026. Faida ni ya wenye hisa, mjomba. Kampuni hizi zikitoa hesabu zao kila miezi mitatu, nyumbani kwetu hatuulizi zimepata ngapi, tunauliza zitatumia ngapi kuchimba. Mkweo anatafuta hapo tu kwenye habari. Akishasoma ama ananiambia tubane, ama ananyamaza, na akinyamaza najua ni kubaya zaidi.

Kuna jambo tuliwaficha, leo nalisema. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Februari 2016 likaanguka hadi 26. Mitambo ya kuchimba mafuta iliyokuwa kazini Marekani ilikuwa zaidi ya 1,600 mnamo Oktoba 2014, na kufikia Mei 2016 ilibaki 316. Mtaani kwetu petroli ilifika dola 1.50, watu wanapita wanatabasamu, na wiki hiyohiyo mkweo akaitwa ofisini na wenzake wengi wakaambiwa wakusanye vitu vyao. Bima ya afya ilikuwa ya kazini, ikaondoka na kazi. Mwanetu alikuwa na miaka minne, na ana pumu. Nilikuwa nahesabu kila anapovuta dawa, naogopa kopo lisije likaisha kabla ya mshahara wangu. Idi ile tulipiga picha mlangoni na nguo za mwaka uliotangulia, nikawatumia, nanyi mkaandika mashaallah, mambo yamewanyookea. Sikuwasahihisha. Niliona aibu, tena niliogopa mama atakosa usingizi.

Miezi saba alikaa bila kazi. Aliyemwajiri mwishoni ni mkandarasi wa matengenezo kwenye mitambo ya kusafisha mafuta upande wa Baytown. Huko mambo huenda kinyume na kwenye visima: mafuta ghafi yakiwa rahisi, wao wananunua malighafi kwa bei ndogo, na watu wanaendesha magari zaidi. Alikuwa anatoka saa kumi alfajiri. Visima viliporudi, naye akarudi kwenye kazi yake.

Tangu wakati ule tunaweka benki kodi ya nyumba ya miezi mitatu na pesa ya dawa. Mama alikwambia nina akiba, na hakukosea. Ni hiyo. Sitaigusa kwa ajili ya bati, mjomba, na naomba usinikasirikie, wala usimwambie bibi kwamba nimemsahau.

Bati 60 sizimudu sasa. Mwisho wa mwezi nitatuma za 20, pamoja na misumari. Fundi aanzie chumba anacholala bibi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Zilizobaki tutazungumza Januari, mkweo akishajua kama saa zake zinarudi.