Usimuulize Bibi Alizaliwa Mwaka Gani

Unapokusanya historia ya ukoo wenu, mzee wa kijijini aliyezaliwa kabla ya Uhuru wa Tanganyika ukimuuliza mwaka wake wa kuzaliwa, atakutajia ulioandikwa kwenye kitambulisho. Mara nyingi mwaka huo ulikadiriwa na karani, hasa ukiona tarehe ni 1 Januari. Uliza tukio: "Bibi, Uhuru ulipokuja ulikuwa umeshavunja ungo?" (Swali hilo aliulize mjukuu wa kike.) Akisema ndio kwanza alikuwa amevunja, toa miaka 13 hadi 16 kwenye 1961, unapata kati ya 1945 na 1948. Kwa wanawe tumia Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya, 1973 hadi 1976, au Vita vya Kagera, 1978 na 1979: mtoto alikuwa mgongoni, anatembea au yuko shule? Andika jibu kama alivyolitamka, hesabu yako ikae pembeni.

Kinachovuruga koo nyingi kwenye karatasi ni neno "babu". Kaka wa babu naye ni babu, na baba mdogo huitwa baba tu, hivyo watu wawili hugeuka mmoja. Kila jina likitajwa, uliza: walitoka tumbo moja, au baba mmoja mama mbalimbali? Palipokuwa na wake wenza, maliza nyumba ya mke mkubwa kwanza, toka kifungua mimba hadi kitinda mimba, ukiuliza nani alimfuata nani ziwa. Pengo la miaka mitano katikati huenda ni la mtoto aliyefariki. Uliza kwa upole. Bibi akinyamaza, usirudie siku hiyo.

Rekodi kwa simu, vipande vya dakika 40. Wakikaa wazee wawili pamoja ni bora zaidi, hukumbushana na kusahihishana.

Ndipo uende parokiani kuomba kitabu cha ubatizo, ukiwa na jina la ubatizo, kwa sababu "Mama Juma" hayumo humo. Kwenye maandishi ya enzi za Wajerumani, sauti ya "j" iliandikwa "dsch" na "sh" ikawa "sch", kama walivyoandika Kilimandscharo. Tafuta kwa tahajia hizo pia.

Uliza vilevile jina la mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, siyo la kijiji cha sasa tu. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu, makaburi yakabaki kule, na vitabu vya kabla ya hapo vina jina la kule. Mwombe mzee akupeleke angali ana nguvu za kutembea, akuonyeshe kaburi la nani liko chini ya mwembe upi.