Uliza Tukujibu: Mfalme na waliochaguliwa, kalamu ya mwisho awe nayo nani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mfanyabiashara wa vitambaa, naishi Bukoba ila kila mwezi lazima niende Kampala kufuata mzigo. Juzi pale Mutukula tukiwa kwenye foleni ya kugongewa pasipoti tulibishana sana na abiria mwenzangu, Mganda, yeye anasema Kabaka, mfalme wao wa Buganda, anapendwa kuliko mwanasiasa yeyote kwa hiyo katiba ingempa madaraka serikalini nchi ingetulia. Mi nikamwambia mfalme hapigiwi kura, sasa akikosea tunamtoaje? Basi likaondoka hatujamalizana. Kwani hakuna namna ya kuandika katiba, mfalme na viongozi wa kuchaguliwa wakagawana madaraka bila kugombana? Na Uganda walikosea wapi? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie huyo mwenzako kwamba anachokisema kilishajaribiwa hapo hapo kwao, na hakikufika hata miaka mitatu.

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 ufalme wa Buganda uliingia kwa masharti yake, una Lukiko yake, yaani bunge lake, una Katikiro, yaani waziri mkuu wake, na mawaziri wake, na hata wabunge wake 21 wa kwenda Bunge la taifa hawakupigiwa kura na wananchi moja kwa moja, walichaguliwa na Lukiko. Chama cha Milton Obote, UPC, kiliungana na Kabaka Yekka, chama ambacho jina lake tu linakwambia kila kitu, maana yake Kabaka peke yake. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 1963, Kabaka Mutesa wa Pili akafanywa Rais wa Uganda nzima, Obote akabaki Waziri Mkuu mwenye serikali mkononi. Watu walishangilia sana, wakaona sasa jadi na kura zimekaa meza moja.

Sasa hapa nataka uwe makini kwa sababu ndo kiini cha swali lako. Kulikuwa na ardhi ya ufalme jirani wa Bunyoro ambayo Waingereza waliipa Buganda enzi za vita vyao na Mfalme Kabalega, na katiba ya uhuru yenyewe ilishasema kwamba kwenye kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, wananchi wataulizwa kwa kura wanataka kukaa wapi. Novemba 1964 wakaulizwa, wengi wakasema tunarudi Bunyoro. Haya, karatasi za kukamilisha jambo hilo zinatakiwa zisainiwe na Rais. Rais ni nani? Ni Kabaka. Hebu jiweke kwenye kiti chake, wewe ni mfalme uliyerithi nchi kwa baba zako, watu wako wanapiga magoti mbele yako, halafu unaletewa kalamu utie saini kukabidhi ardhi ya ufalme wako kwa ufalme jirani, na ukikataa unakuwa Rais anayekaidi matakwa ya wananchi na katiba aliyoapa kuilinda. Mutesa alikataa kusaini. Kaunti zikaenda hivyo hivyo, ila kuanzia hapo yeye na Obote hawakuaminiana tena.

Mimi kwa kweli nawalaumu zaidi walioandika ile katiba kuliko Mutesa. Walimpa mtu mmoja viapo viwili ambavyo walijua kabisa vitagongana, maana kura ya kaunti zile ilikuwa imeandikwa humo humo ndani.

Yaliyofuata unayajua kwa juu juu labda. Februari 1966 Obote akakamata mawaziri wake watano ndani ya kikao cha baraza, akasimamisha katiba, akamwondoa Rais. Aprili wabunge wakapitisha katiba mpya ambayo hawajaisoma, waliambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua, fikiria, katiba ya nchi. Tarehe 20 Mei Lukiko ikajibu kwa kuitaka serikali kuu iondoke kwenye ardhi ya Buganda, na tarehe 24 jeshi chini ya Idi Amin likaivamia ikulu ya Mengo. Kabaka aliruka ukuta wakati mvua kubwa inanyesha, akapata teksi, akatokomea, mwishowe akafika London na ndiko alikofia mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zikafutwa.

Sasa swali lako la kwanza, namna ya kuandika. Wapo waliofanikiwa, na ukiwachunguza utaona hawakufanikiwa kwa sababu wafalme wao ni wapole, ni kwa sababu waliamua mapema mfalme akisema hapana itakuwaje. Chukua Luxembourg. Mwaka 2008 Mtawala wao, Henri, alisema dhamiri yake haimruhusu kuidhinisha sheria ya kumsaidia mgonjwa mahututi kufa. Hawakumtukana wala hawakumpeleka jeshi, walibadilisha neno kwenye katiba, zamani ilisema anaidhinisha sheria na kuitangaza, sasa inasema anaitangaza tu. Ubelgiji mwaka 1990 Mfalme Baudouin naye aligoma kusaini sheria ya utoaji mimba, mawaziri wakatumia kifungu cha mfalme asiyeweza kutawala, wakasaini wao, kesho yake Bunge likamrudishia kiti. Imani ya mtu imeheshimiwa na sheria ya waliochaguliwa imepita, mi naona ni jambo la kupendeza sana hilo.

Kuna sehemu nyingine yenye mtego, nayo ni nani anamteua Waziri Mkuu. Morocco katiba yao ya 2011 inasema mfalme atamteua kutoka chama kilichoongoza uchaguzi, ukisoma unasema safi kabisa. Lakini haikutaja muda wala haikusema mwenyekiti wa chama ndo lazima awe yeye. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2016 Benkirane, kiongozi wa chama kilichoshinda, alihangaika miezi mitano kuunda serikali akashindwa, Machi 2017 mfalme akamweka pembeni akateua mwingine, Othmani, wa chama hicho hicho. Katiba haikuvunjwa hata nukta, na bado kiongozi aliyewapeleka wenzake kwenye ushindi akaenda nyumbani. Kwa hiyo mwanangu, kwenye katiba ya namna hii kila palipoachwa kimya pana mwenye kupatumia, na mara nyingi ni yule ambaye hana wasiwasi wa uchaguzi ujao.

Uganda wenyewe walipourudisha ufalme wa Kabaka mwaka 1993 hawakurudia ya Mutesa. Katiba ya 1995 ibara ya 246 inamkataza kiongozi wa jadi kujiingiza kwenye siasa za vyama na inamnyima mamlaka yoyote ya serikali. Ugomvi haujaisha, Septemba 2009 serikali ilipozuia ziara ya Kabaka kwenda Kayunga watu walikufa barabarani Kampala. Ukienda kufuata mzigo safari ijayo angalia maduka ya vitambaa, utaikuta picha ya Kabaka imetundikwa juu kabisa imefutwa vumbi vizuri, hiyo heshima hakuna ibara inayoweza kuiandika wala kuifuta. Ndo maana mi simpi mwenzako hoja yake. Ukimpa Kabaka wizara au saini ya sheria, kila bei ya sukari ikipanda itakuwa kosa lake, na ile picha itaanza kushushwa.

SWALI: Mama, na Zanzibar ya 1963 je? Si Sultani naye alikuwa wa kikatiba, mbona haikusaidia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni kweli mwanangu, uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulimwacha Sultani Jamshid kuwa mkuu wa nchi na serikali ikawa ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Kwenye karatasi ule mgawanyo haukuwa mbaya. Ila rudi nyuma kwenye uchaguzi wa Julai mwaka ule ule, chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, vyama viwili vilivyoungana dhidi yake vikapata 18 vikaunda serikali. Kwa waliokosa, Sultani na Waziri Mkuu walikuwa kitu kimoja. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea, mwezi mmoja na siku mbili tangu bendera ipande.