Maswali Yenu Kuhusu The Eraser ya Thom Yorke

Makala yangu kuhusu The Eraser, albamu ya kwanza ambayo Thom Yorke, mwimbaji wa bendi ya Uingereza ya Radiohead, aliitoa kwa jina lake mwenyewe mwezi Julai 2006, imeleta maswali mengi kuliko nafasi niliyopewa. Ninajibu haya machache.

Je, Radiohead walikuwa wamevunja bendi?

Hapana. Albamu yao ya In Rainbows ilitoka Oktoba 2007. Jambo hili nimekwisha kulieleza mara kadhaa, naomba lisirudi.

Ikiwa ni albamu ya mtu mmoja, mbona bado inasikika kama Radiohead?

Kwa sababu wenzake wamo ndani, ila wengi wenu hamsomi maelezo ya jalada. Piano ya wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, ilipigwa na Jonny Greenwood; Yorke alivirekodi vipande hivyo, akavikatakata kwenye kompyuta na kuviunga upya kwa mpangilio wake, ndiyo maana vinasikika kama vinakwama kila vinapotaka kusonga mbele. "Black Swan" nao umejengwa juu ya kipande ambacho Ed O'Brien na Phil Selway walikirekodi mwaka 2000. Prodyuza ni Nigel Godrich, yuleyule ambaye amekuwa prodyuza wa Radiohead tangu albamu ya OK Computer ya 1997. Yorke mwenyewe hakupenda kazi hii iitwe ya peke yake, na alikuwa na haki. Jina moja likikaa juu ya jalada, watu huamini kwamba hakuna mwingine aliyetoka jasho, na dhana hiyo imezidi tangu nyimbo zianze kutufikia simuni zikiwa zimevuliwa majina ya wapigaji. Wapiga gitaa wa bendi zetu za dansi wanalijua hilo vizuri.

"Harrowdown Hill" ni wimbo wa mapenzi?

Sivyo hata kidogo. Harrowdown Hill ni kilima chenye msitu huko Oxfordshire, Uingereza, ambako mwili wa Dkt. David Kelly, mtaalamu wa silaha wa serikali, ulipatikana Julai 2003, siku chache baada ya jina lake kufichuliwa kuwa chanzo cha habari ya BBC iliyotilia shaka madai ya serikali kuhusu silaha za Iraq. Uchunguzi wa jaji Lord Hutton ulihitimisha kwamba alijiua. Yorke hamtaji, anaimba kwa sauti ya mtu anayeuliza kama alianguka au alisukumwa. Besi yake inachezeka sana, na hapo ndipo wengi wanaponaswa, kwa hiyo tafadhali msiupige kwenye sherehe za harusi.

Jalada lilichorwa na nani?

Stanley Donwood. Ni London inayomezwa na mawimbi, mbele yake amesimama mtu aliyenyoosha mkono kama Mfalme Canute wa Uingereza ya kale, yule wa hadithi, akiizuia bahari.

Nitaipakua wapi bure?

Sisaidii wizi. Mwaka 2013 Yorke na Godrich waliiondoa albamu hii Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, wakilalamika kwamba wasanii wapya wanalipwa kidogo mno. Baadaye ilirejeshwa, lakini lalamiko lao bado lina uzito.

Mbona kwangu haina besi?

Unaisikiliza kwa spika ya simu. Tafuta hedifoni.

Iliwahi kupigwa jukwaani?

Iliwahi, na waliotuma swali hili wamenifurahisha. Mwaka 2009 Yorke alikusanya watu Los Angeles: Flea wa Red Hot Chili Peppers kwenye besi, Joey Waronker kwenye ngoma, Mauro Refosco kwenye ala nyingine za kugonga, pamoja na Godrich. Midundo iliyozaliwa ndani ya kompyuta ikalazimika kupigwa kwa mikono, nayo ikapata joto ambalo studio haikuwa nalo. Kundi hilo, lililoitwa Atoms for Peace, lilitoa albamu ya Amok mwaka 2013. Kwa maoni yangu Amok ni dhaifu kuliko The Eraser, kwa kuwa midundo imejaa lakini nyimbo zenyewe ni chache.