Mkunga si lamprei: ushauri kwa wa kidato cha tano

Nilikariri kwamba lamprei ni samaki mrefu kama nyoka, hana taya. Basi siku ya mtihani wa vitendo nikachora mkunga, samaki niliyemla tangu utotoni, nikaandika chini yake: "hana taya". Mwalimu hakubishana. Aliniuliza tu kama nimewahi kung'atwa na mkunga.

Lamprei wanapenda maji ya baridi, kwa hiyo hapa Dar utawaona kwenye picha tu. Lakini papa, ambaye mtatakiwa kumlinganisha na lamprei, yupo Feri, soko la samaki. Nenda asubuhi mnada ukishapoa, kabla ya hapo dalali hana muda na mwanafunzi. Nunua hata dagaa wa buku, ndipo uombe kumshika papa.

Anza na ngozi. Pitisha kiganja kutoka mkiani kwenda kichwani: inakwaruza kama msasa, maana magamba ya papa yameumbwa kama vijino vilivyolalia nyuma. Lamprei hana gamba hata moja, ni utelezi mtupu. Kisha mgeuze papa chali. Matundu ya pua ni mawili, chini ya kichwa. La lamprei ni moja, tena liko juu utosini. Hesabu na mipasuo ya matamvua. Papa wengi wana mitano kila upande, lamprei ana vitundu saba vya mviringo. Papa ana mapezi ya jozi kifuani na tumboni, lamprei hana jozi hata moja. Ukiona vijiti viwili kando ya mapezi ya tumbo, huyo ni dume. Muuzaji alinionyesha huku akicheka, na sijasahau hadi leo.

Mdomoni hapana utata: lamprei ana duara la kunyonyea lenye meno ya kitu kama kucha. Ya papa ni meno hasa, na nyuma yake kuna safu zinazosubiri zamu.

Wengi huanguka kwenye mifupa. Usiandike kwamba papa ana mifupa na lamprei ana gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini inayopindika, kama ya sikioni. Wote wawili hawana mfupa. Tofauti iko mgongoni: papa ana pingili kamili za gegedu, lamprei anategemea notokodi, yaani ufito unaopindika unaopita mgongoni, maisha yake yote, na vipande vidogo tu vya gegedu juu yake.

Sare ya shule iache nyumbani. Shombo ya papa haitoki kwa kufua mara moja.