Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: choo kipya, kiyoyozi, na fundi anayetaka kung'oa boriti

SWALI: Assalaam aleikum mhandisi. Tumerithi nyumba ya babu Mji Mkongwe, ya chini na ghorofa mbili juu, kuta nene za mawe, dari za boriti. Ndugu wote tumekubaliana hatuuzi. Chini patabaki pa familia, juu tunataka vyumba vya wageni vyenye choo ndani, kiyoyozi, na tangi la maji juu ya paa. Fundi mmoja katwambia tubandue chokaa yote tupige lipu ya simenti, mana kuta zinatoa unga mweupe, na boriti zitoke tumwage zege la nondo "mfanye kitu cha maisha". Mwengine anasema tukitia simenti tu tumeiua nyumba. Tumfuate nani? Na hao mafundi wa chokaa bado wapo kweli? Mama anataka pesa ya kazi hii iishie kwa mafundi wa hapa hapa.

JIBU: Waaleikum salaam. Mfuateni wa pili, ingawa na yeye kazidisha kidogo, simenti ina pahala pake hata kwenye nyumba hiyo na ntakwambia wapi. Wa kwanza sidhani kama ana nia mbaya, kazoea nyumba za tofali na ndio anavyoijua kazi.

Tuanze na huo unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Mawe ya kuta zenu ni matumbawe, mengine yana chumvi yake tokea mwanzo, halafu mji wenyewe umezungukwa na bahari, kwahiyo maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta kidogo kidogo na yakifika pahala penye hewa yanakauka, chumvi inabaki nje. Chokaa inayaachia maji yatoke. Ukipiga simenti juu yake maji hayakomi kupanda, yanakosa tu pa kutokea, basi yanazidi kwenda juu yakitafuta njia, leo unga uko magotini miaka michache ijayo uko kifuani, na ile lipu inabanduka vipande vikubwa ikiondoka na jiwe lake. Rangi ya plastiki nayo inafanya vilevile, ukiona ukuta umefura mapovu ujue maji yako nyuma yake. Dawa ni kubandua simenti yoyote iliyopigwa zamani pale chini, kusugua chumvi kwa brashi kavu (usioshe kwa maji mana chumvi itayeyuka irudi ndani), ukuta uachwe upumue miezi kadhaa, ndo upigwe chokaa tena. Ile chokaa ya kwanza inaweza kuja kuchakaa kwa chumvi, na hapo imefanya kazi yake, imeliokoa jiwe.

Lakini usibandue nyumba nzima! Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole, pote panapolia patupu piga alama ya chaki, pabanduliwe hapo tu. Chokaa ya kienyeji inachomwa kwa magogo mengi sana, matumbawe yanapangwa juu ya rundo la kuni linawaka hadi liishe, kwahiyo kubandua lipu nzima ambayo bado imeshika ni kuchoma miti bure na kumaliza pesa yako.

Sasa boriti. Chukua bisibisi panda ngazi, uidunge boriti pale inapoingia ukutani, sio katikati. Katikati ya chumba mara nyingi utakuta mti ni mgumu kama chuma, mikoko si mchezo, ila ncha zilizozikwa ukutani ndo zinaoza, hasa chini ya choo cha zamani na kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Bisibisi ikizama sentimita moja au mbili bila kulazimisha, ncha hiyo imekwisha. Andika namba ya kila boriti kwa chaki na hali yake. Mara nyingi unakuta katika chumba kimoja zilizooza ni chache na nyingine zote nzima, na huyo fundi anataka kung'oa zote.

Watu husema zege lisiwekwe mana ni zito. Sababu hiyo haina nguvu sana, sakafu ya zamani nayo nzito. Sakafu ya chokaa na mawe yenye unene wa sentimita 20 inakaribia kilo 340 kwa kila mita moja ya mraba, slabu ya zege ya sentimita 12 ni kama kilo 290, kwahiyo kwa uzito hazipishani sana. Tabu iko kwengine. Kumwaga slabu lazima ukate mfereji kwenye kuta pande zote, na ukuta wenu ndani yake ni mawe madogo na udongo na chokaa, ukishaukata hivo umeudhoofisha pale pale unapotaka ubebe. Pili, boriti zilikuwa zinashika ukuta huu na ule zisifunguke, ukizitoa zote pamoja kuta zinabaki zimesimama peke yake bila cha kuzishika. Tatu nondo na chumvi havikai pamoja, nondo ikipata kutu inavimba inapasua zege kutoka ndani, na nyumba kibao mjini zina slabu ambazo ukitizama chini yake nondo ziko wazi zinamenyeka. Hicho ndicho "kitu cha maisha" anachokuuzia.

Kinachofanyika ni hivi: boriti yenye ncha mbovu inawekewa mwenzake pembeni, zinafungwa kwa bolti zisizoshika kutu, au ncha zinabebwa na mbao nene inayotambaa kando ya ukuta juu ya vyuma vilivyopakwa zinki. Ile mpya kabla ya kuingia ukutani inatiwa dawa ya mchwa, na ncha yake iachiwe nafasi ya hewa, isizibwe kwa simenti. Kila siku zinafanyiwa kazi chache, na vigogo vya kuzuia viko chini yake muda wote.

Haya, choo ndani. Kinawezekana ila sio kila chumba pahala popote unapopenda. Vyoo vyote viwe kimoja juu ya chenzake, ghorofa kwa ghorofa, ikiwezekana pale pale choo cha babu kilipokuwa, na mabomba yashuke wazi kwenye uwanja wa ndani, yasizikwe ukutani. Wageni hawatopenda kuona bomba? Lifunike kwa ubao unaofunguka. Bomba likizikwa likivuja unakuja kujua baada ya mwaka, wakati boriti tatu zishaoza. Kuta za bafu usigandishe tailizi moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe, simamisha ukuta mwembamba wa mbavu za mbao na mabamba ya simenti mbele yake, uache nafasi ya vidole viwili nyuma, hapo sasa tailizi, gundi, simenti, fanya utakavyo, ndo pahala nilipokwambia simenti ina kazi. Sakafu ya bafu punguza kwanza ile chokaa ya zamani iliyorundikwa tabaka juu ya tabaka, halafu weka trei isiyopitisha maji inayopanda pembeni kama sentimita 15. Na dirisha liwepo, hata dogo.

Tangi juu ya paa sikubaliani nalo. Lita 1000 ni tani moja, bado tangi lenyewe, na mnataka kulikalisha juu ya boriti ambazo hujazidunga bisibisi. Tangi kubwa likae chini uwanjani na pampu, juu paweze kuwa na dogo la lita 200 au 300 likae juu ya kuta mbili kwa mihimili ya chuma, sio katikati ya dari.

Kiyoyozi, wekeni, ila hesabuni maji yake. Hewa yetu ina unyevu mwingi, kimoja kinaweza kutoa lita kadhaa kwa siku, na mafundi wengi wanakiachia kile kibomba kinadondokea ukutani kwa nje, miezi sita tu unaona mstari wa kijani unashuka. Maji yapelekwe kwenye bomba la kuoga. Lile boksi la nje lisiwe upande wa barabarani, likae uwanjani juu ya stendi ya chini. Kabla ya yote hayo fungueni madirisha yaliyozibwa, dari zenu ziko juu sana na feni nzuri inatosha miezi mingi ya mwaka. Waya za umeme zipite kwenye mabomba juu ya ukuta, sio kuchimba.

Ukiniuliza kama kuchanganya kale na usasa ni kuivunjia heshima nyumba, tizama Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe. Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, aliijenga 1883, kuta za mawe ya hapa na chokaa ya hapa, nguzo za chuma zilizotoka ng'ambo, na ikawa ya kwanza mjini kuwa na umeme. Siku ya Krismasi 2020 sehemu yake kubwa ilianguka ikiwa katikati ya matengenezo, watu wawili walipoteza maisha. Nakukumbusha kwasababu nyumba hizi zinapokuwa katikati ya kazi ndo ziko dhaifu zaidi, kwahiyo hata kama ni nyumba ya familia awepo mhandisi anayepita kila wiki na msilale ndani ya upande unaofanyiwa kazi.

Mafundi wa chokaa wapo. Sio wengi, wengi ni watu wazima, na vijana waliowazunguka wanakimbilia simenti kwasababu huko kuna kazi kila siku. Ufundi wanao. Wanachokosa ni kazi ya mfululizo, hoteli moja inawaita miezi minne halafu kimya mwaka mzima, kijana gani atakaa kusubiri? Kwahiyo alivyosema mama ni sawa kabisa, ila inategemea mnailipaje hiyo pesa. Msimlipe fundi wa chokaa kwa mita. Ukimlipa kwa mita unamwambia afanye haraka, na chokaa haitaki haraka. Inapigwa tabaka jembamba, sentimita moja hivi, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga wa shamba (wa pwani una chumvi), mashimo makubwa yanazibwa kwanza kwa vipande vya mawe, halafu inafunikwa magunia na kurushiwa maji asubuhi na jioni siku kadhaa, mana haigandi kwa kukauka, inagandishwa na hewa ya ukaa ambayo chokaa inaivuta taratibu, ikikauka mapema inabaki unga. Ndo tabaka la pili, ndo niru ya kumalizia. Mtu wa kwenda kurusha maji saa kumi na moja jioni ni nani kama analipwa kwa mita? Mlipeni kwa siku, na kwenye mkataba iandikwe kwamba anakuja na vijana wawili na wao mnawalipa nyinyi, sio awakate kwenye chake. Gharama inaongezeka kidogo, ila ikifika masika mbili tatu zijazo mna watu watatu wanaoijua nyumba yenu badala ya mmoja mwenye miaka 65.

Chokaa yenyewe izimeni mapema, miezi mitatu kabla au zaidi, ikae shimoni chini ya maji, inavyokaa ndo inavyolainika. Wakati wa kuizima inachemka kweli kweli, watoto wasiwepo karibu na fundi avae miwani. Ya mifuko kutoka bara inafaa kama haijakaa dukani muda mrefu ikapigwa na hewa.

Boriti za kununua ulizeni kibali chake. Mikoko haikatwi ovyo, na ukinunua ya wizi unamuumiza yule mkataji anayefuata utaratibu. Agizeni mapema kwa unene mnaoutaka, na kama hazipatikani, mbao ya msaji iliyotiwa dawa inafaa kuwa mwenza, haina haja ya kujifanya boriti. Mlango wa kuchonga wa babu usiuzwe hata mkiletewa bei ya kutia wazimu, ila msiagize mlango mpya wa kuchonga kwa ajili ya picha tu. Yule mchongaji mpeni madirisha, fremu, mashubaka ya vyumbani, vitanda vya wageni, kazi ya miezi na sio ya wiki moja, na mbao iwe kavu kweli, mbichi itapinda mumlaumu yeye.

Kabla ya msumari wowote nendeni Mamlaka ya Mji Mkongwe mkachukue kibali, na michoro ya vyoo iwe nayo, mana wakija wakakuta mmeshakata ukuta mtasimamishwa na dari iko wazi na mvua inakuja. Kazi ya paa na mifereji ya maji ndo iwe ya kwanza, hata kabla ya kuta. Anzeni baada ya masika. Na bajeti itenge pesa kidogo ya kila mwaka ya kupaka chokaa kwa nje na kusafisha mifereji, fundi yule yule, mwezi ule ule, mkataba wa miaka mitano ikiwezekana.

Nitumie urefu na upana wa kila chumba cha juu na picha za ncha za boriti, bisibisi iwepo kwenye picha nipate kujua ukubwa, na uniambie choo cha babu kiko upande gani wa uwanja.