Mionzi mara 30, au kiwanja kiuzwe?

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Mama yangu, miaka 54, amepasuliwa uvimbe wa ubongo na majibu ya maabara yanasema ni glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Daktari amempangia mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa. Mjomba kasikia habari za Gamma Knife, mashine ya mionzi inayomaliza kazi siku moja, anataka tuuze kiwanja tumpeleke India. Tufanyeje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Kiwanja kiacheni kwanza.

Mjomba hakudanganya, mashine ipo. Wazo la tiba hiyo alilitoa Lars Leksell, daktari wa Sweden, mwaka 1951. Kisu hakuna: miali ya kobalti karibu 200, kila mmoja dhaifu, hukutana sehemu moja, na hapo ndipo panapoungua. Inafaa uvimbe mdogo wenye mpaka, mathalani saratani ya matiti iliyohamia ubongoni ikaweka madoa machache. Glioblastoma haina mpaka. Hujipenyeza kama wino kwenye shashi. Picha ya MRI inaonyesha doa, seli za saratani zimeshapita mbali. Lazima kupiga na eneo linaloizunguka, na eneo hilo halistahimili dozi kubwa ya siku moja. Ndiyo maana amepewa grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa vipande vya grei 2, ili seli zisizo na ugonjwa zipate muda wa kujirekebisha. India nako wangempa hivyohivyo. Muulize daktari kuhusu vidonge vya saratani viitwavyo temozolomide, huenda pamoja na mionzi hii.

Uliza pia kama atapigwa kwa linaki, mashine ya kawaida ya mionzi, yenye vibamba vya chuma vinavyojisogeza kufuata umbo la uvimbe na kukwepa mishipa ya macho. Hilo lina uzito kuliko jina la mashine.

Mionzi haiumi. Kinachowatoa jasho wagonjwa wangu ni kinyago: plastiki yenye matundu, hulainishwa kwa maji moto, hulazwa usoni ikiwa vuguvugu, ikishakauka hubanwa kitandani ili kichwa kisicheze. Akiwa na rasta azifumue kabla ya kupimwa kinyago, na asije akasuka katikati ya tiba. Nimeshawarudisha wengi, kinyago hakiingii! Akipewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, asiiache ghafla, hata akijisikia nafuu.

SWALI: Baba ana saratani ya tezi dume. Mgongo unauma, tangu juzi magoti yanalegea na mkojo unagoma. Miadi yake ya mionzi ni wiki ijayo. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Usisubiri miadi. Mpeleke leo, idara ya dharura, useme hivyo ulivyoniandikia: uti wa mgongo huenda umebanwa. Apigwe MRI, apewe dawa ya kupunguza uvimbe, na mionzi ifuate haraka. Mara nyingine dozi moja ya grei 8 hutosha. Anayefika angali anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Miguu ikishakufa, ni nadra irudi. Na bodaboda hapana: alazwe garini, mgongo umenyooka.